Kiti cha ngozi kwa baiskeli ya kila siku: B17, Flyer, B67 au Cambium?

Ukiuliza kiti gani cha ngozi ni kizuri, utajibiwa hata kabla hujamaliza swali: nunua B17 ya kampuni ya Brooks. Si jibu baya. Ila limetoka kwa watu wanaopanda baiskeli wakiwa wameinama, safari za kutwa nzima, usukani ukiwa sawa na kiti au chini yake. Wewe unakwenda kazini, unapitia sokoni, unamshusha mtoto shuleni. Umekaa wima, usukani uko juu, na keria haikosi mzigo. Kwa baiskeli ya namna hiyo, B17 kwangu ni chaguo la pili, na kwa baadhi ya watu la tatu.

Kabla ya kulinganisha majina, tuelewane tunazungumzia kitu gani, maana madukani "kiti cha ngozi" ni vitu viwili tofauti kabisa. Kipo kile cha plastiki au bati chenye sponji juu, kikafunikwa kwa ngozi nyembamba au reksini. Halafu kipo kile ambacho ngozi yenyewe ndiyo kiti: kipande kimoja kinene cha ngozi ya ng'ombe, takriban milimita 5, kimevutwa kutoka pua ya chuma mbele hadi bati la nyuma na kugongewa ribiti. Chini yake ni hewa tupu. Unakikalia kama unavyolalia kitanda cha kamba, kinabonyea pale penye uzito na kubaki kimekaza kwingine kote.

Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kununua ngozi. Sponji ni tamu dukani. Unakibonyeza kwa kidole gumba, kinazama, unatabasamu, unalipa. Ukishakaa nusu saa, mifupa ya makalio imezama hadi chini, na sponji iliyosukumwa pembeni inapanda katikati na kubana msamba. Ganzi huanzia hapo. Ngozi iliyovutwa hufanya kinyume chake. Ikishakuzoea, hutengeneza mabonde mawili chini ya mifupa na kuuacha msamba upumue.

Kwa hiyo hatua ya kwanza dukani ni kukipindua kiti. Chini unatakiwa uone upande wa nyama wa ngozi, wenye manyoya manyoya ya nyuzi, na ndani ya pua uone boliti yenye nati ya kukazia. Ukikutana na plastiki au kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, hicho ni kiti cha sponji kilichovaa ngozi, hata kama muuzaji ataapa kwa miungu yote.

Pima mifupa kabla ya pochi

Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi katikati, ukiweke juu ya stuli ngumu. Kaa ukiwa umevaa nguo nyepesi, nyanyua visigino ili magoti yapande kidogo, jikandamize, kisha inuka. Yatabaki mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Watu wazima wengi huangukia kati ya milimita 100 na 140 hivi. Wanawake kwa wastani wana nafasi pana kuliko wanaume, lakini wastani haukai kwenye baiskeli yako, kwa hiyo pima ya kwako.

Sasa hesabu. Tuseme umepata 125. B17 ina upana wa milimita 175, kwa hiyo kila upande unabakiwa na 25. Inaonekana inatosha, ila kwenye kiti cha ngozi ukingo wa nyuma umekalia bati la chuma, tena ndipo ribiti zilipo. Sehemu inayobonyea ni ndogo kuliko upana ulioandikwa kwenye boksi. Mfupa ukitua juu ya bati, hakuna mafuta wala subira itakayokuokoa, chuma hakizoeleki. Ukiwa umeinama, nyonga huzunguka mbele na mifupa hukaa mbali na bati. Ukikaa wima, nyonga hurudi nyuma, karibu kabisa na bati. Ndiyo maana mtu yuleyule, mwenye mifupa ileile, anaweza kufurahia B17 kwenye baiskeli moja na kuilaani kwenye nyingine.

Kwa kukadiria: anayeinama aongeze walau milimita 45 hadi 50 juu ya kipimo cha mifupa, na anayekaa wima aongeze 70 au zaidi. Vipimo vya viti vinne ninavyovilinganisha, kwa makadirio, ni hivi (Cambium si ya ngozi, ni ya mpira; imo kwa sababu ya mvua, tutafika huko):

| Kiti | Upana | Springi | Uzito | Mkao |
|---|---|---|---|---|
| B17 | mm 175 | hakuna | g 530 | kuinama kidogo |
| Flyer | mm 175 | mbili nyuma | g 850 | kuinama kidogo, njia mbaya |
| B67 | mm 205 | mbili nyuma | g 860 | wima |
| Cambium C17 / C19 | mm 162 / 184 | hakuna | chini ya g 500 | kuinama / nusu wima |

Vyote vinne ni vya Brooks, kampuni iliyoanza na John Boultbee Brooks huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, ikitengeneza hatamu na vifaa vingine vya farasi. Hataza yake ya kiti cha baiskeli ni ya mwaka 1882. Tangu 2002 kampuni iko chini ya Selle Royal ya Italia, ila viti vya ngozi bado vinatengenezwa Smethwick, jirani na Birmingham. Sikuvichagua kwa mapenzi ya jina. Ni kwamba umbo la vile vya ngozi limebadilika kidogo sana kwa miaka mingi, na viti vingi vya baiskeli nyeusi za kizamani tunazozijua, ile Black Mamba ya Kenya na ndugu zake wa Tanzania na Uganda, vilifuata umbo hilo.

B17 na Flyer: ngozi moja, miguu tofauti

B17 imo kwenye orodha ya Brooks tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ngozi ya Flyer ni ileile kwa umbo na upana. Kilichoongezeka ni springi mbili nyuma, na gramu mia tatu hivi. Hivyo swali kati ya hivi viwili si la makalio. Ni la barabara na mgongo.

Anayeinama akiona tuta ananyanyuka kidogo, miguu na mikono inabeba mshtuko. Aliyekaa wima hana nafasi hiyo. Uzito wake karibu wote uko kwenye kiti, na kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye kiuno. Kwenye changarawe yenye mawimbi, ile inayotingisha hadi meno, springi si anasa. Flyer inafaa pale mkao wako uko katikati, usukani juu kidogo ya kiti, na njia yako haina lami.

Ubaya wa springi lazima usemwe. Zinalia. Tone la oili kwenye maungio linanyamazisha kwa wiki kadhaa, kisha vumbi linaleta wimbo upya. Pia springi hizi ni ngumu. Mtu wa kilo 50 huenda asione zikisogea kabisa, akawa amebeba chuma cha bure. Huyo akiinama achukue B17; akikaa wima achukue B67 kwa ajili ya upana wake, asidanganywe na springi. Na ukipenda kukanyaga kwa nguvu ukiwa umekaa, mlimani, kiti kitadunda nawe.

B67, ambayo wengi hawaijui

Kama usukani wako uko juu ya kiti kwa kiganja kizima na mgongo wako umesimama, acha kusoma kuhusu B17. B67 ina upana wa karibu milimita 205. Kwa yule mwenye mifupa ya 125, kila upande unabaki na 40 badala ya 25, na bati liko mbali. Springi zipo. Pua ni fupi kidogo kuliko ya B17, na lipo toleo lenye herufi S ambalo pua yake ni fupi zaidi, jambo la maana kwa anayepanda akiwa na gauni, kanga au kanzu.

Upana una gharama yake. Ukiinama juu ya B67, kingo zake zitakusugua nyuma ya mapaja kila unapokanyaga, na baada ya muda ngozi itakayolainika itakuwa ya kwako, si ya kiti. Kiti kipana ni cha mgongo uliosimama tu.

Kuna mtego mmoja wa ununuzi. B67 ina reli moja kila upande, ya kushikwa na bomba la kiti la kisasa lenye kishikio chake juu. Ndugu yake B66 ina reli mbili kila upande, na inahitaji kile kishikio cha kizamani chenye nati mbili pembeni kinachovalishwa kwenye bomba laini lililochongoka juu. Baiskeli nyeusi za zamani zina bomba hilo. Angalia la kwako kabla ya kuagiza, maana hakuna fundi atakayeilazimisha reli mbili ikae mahali pa moja bila kuharibu kitu.

Juu ya B67 iko B33, yenye upana wa milimita 230 hivi, springi nene nyuma na chuma kilichokunjwa mduara mbele. Ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Ni ya mtu mzito, baiskeli nzito, mkao wa kitini kabisa. Kwa huyo hakuna kinachoifikia. Kwa mwingine yeyote ni mzigo.

Vya bei nafuu vinavyofanana navyo

Viti vya ngozi vya sura ya B66 vinavyouzwa pamoja na baiskeli za mizigo, au peke yake kwenye maduka ya vipuri, vinagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya Brooks, ambayo huvuka euro 100. Vingine ni vizuri kweli. Shida ni kwamba havifanani. Cha leo kimekatwa kwenye mgongo wa ngozi, cha kesho kwenye tumbo, na ngozi ya tumbo hulegea upesi. Jaribu hivi: bonyeza katikati kwa vidole gumba viwili kwa nguvu zako zote. Kiti kipya cha ngozi nzuri kinapaswa kukukatalia karibu kabisa. Kikizama dukani, baada ya masika moja kitakuwa kapu. Tazama pia ukingo uliokatwa: nyuzi zilizoshikana ni ngozi, tabaka tabaka zinazoachana ni takataka za ngozi zilizogandishwa.

Kikifaulu mitihani hiyo, mimi sioni aibu kukipendekeza. Fremu na springi zake mara nyingi hushinda ngozi kwa uimara, na ngozi ikifa fundi viatu hodari anaweza kukata nyingine na kupiga ribiti upya.

Mvua inapoamua

Haya yote yanadhani baiskeli yako inalala ndani. Ngozi ikilowa hulainika, na ukiikalia ikiwa imelowa hunyooka na haitarudi. Mvua moja ya ghafla si msiba. Ifute, iache ikauke kivulini, usikae mpaka ikauke, na kamwe usiianike juani au karibu na jiko. Lakini baiskeli inayofungwa nje ya ofisi kutwa nzima Aprili, halafu inalala barazani, itakula kiti cha ngozi kila mwaka. Maji mabaya zaidi hata hayatoki juu. Yanarushwa na tairi la nyuma kutoka chini, mahali ambapo ngozi haina kinga. Bila madigadi nyuma, usinunue ngozi. Pwani kuna jingine: ukikiacha kiti stoo isiyo na hewa kwa wiki chache, utakikuta kimeota ukungu mweupe.

Hapo ndipo Cambium inapoingia. Ilitoka mwaka 2013. Badala ya ngozi ni mpira asilia uliovutwa vilevile kati ya mbele na nyuma, juu una kitambaa cha pamba, au cha nailoni kwa lile toleo la hali zote za hewa. Haihitaji mafuta, haihitaji kuzoeshwa, mvua haiijui. Kwa baiskeli inayolala nje ningeichagua bila kusita mbele ya ngozi yoyote.

Lakini Cambium haijifunzi. Kiti cha ngozi kinachokuumiza kidogo siku za mwanzo kinaweza kuwa rafiki. Cambium inayokuumiza siku ya kwanza itakuumiza mpaka uiuze. Tena haina springi, na hata C19, iliyo pana, ina milimita 184 tu. Aliyekaa wima kabisa kwenye njia ya mashimo hatapata humo kile anachokipata kwenye B67. Kwake, mfuko wa plastiki uliofichwa chini ya kiti na kuvutwa juu wingu linapojikusanya ni suluhisho la bei rahisi na linafanya kazi.

Nguo nazo zina kauli. Ngozi mpya ya rangi huacha alama, hasa jasho likiingia, na kanzu nyeupe ya Ijumaa haisamehe. Nyeusi huacha alama mbaya zaidi, na saa sita mchana juani huunguza. Rangi ya asali ndiyo salama zaidi, japo inazeeka kwa mabaka. Springi za nyuma nazo hung'ata pindo la baibui likining'inia. Anayevaa nguo ndefu afikirie kinga ya kitambaa juu ya springi, au achague kisicho na springi.

Nje ya Brooks, wawili wanastahili kutajwa. Gilles Berthoud wa Ufaransa wanatumia skrubu badala ya ribiti, hivyo ngozi ikichoka unaibadilisha mwenyewe nyumbani. Selle Anatomica wa Marekani wana ngozi yenye mwanya mrefu katikati, laini tangu siku ya kwanza. Vyote viwili vimelenga wasafiri wa masafa marefu wanaoinama, navyo ni ghali. Kwa baiskeli ya sokoni, viache.

Mtumba

Baiskeli za mtumba kutoka Uholanzi wakati mwingine huja na kiti cha ngozi cha Lepper au Brooks ambacho muuzaji hakijui thamani yake. Kabla ya kufurahi, kagua mambo matatu. Angalia kama kuna nyufa zinazotoka kwenye matundu ya ribiti, zikiwepo, kimekwisha. Angalia nati ya pua: kama uzi wa boliti umeshaishia, hakuna tena pa kukaza. Na zishike reli kwa mikono uzitikise, maana chuma kilichopasuka hujificha chini ya bati.

Kiti ambacho ngozi imetanuka mbavu mbili zikafunguka nje bado hakijafa. Toboa matundu machache kwenye kila ubavu karibu na ukingo, pitisha kamba imara ya kiatu chini ya kiti kutoka upande hadi upande, vuta ukaze. Kinarudia umbo, na hakitakusugua mapaja tena.

Miezi ya kwanza

Kipya kitakuwa kigumu, na kulainika huchukua kilomita mia kadhaa. Wasio na subira hukizamisha kwenye mafuta. Usifanye hivyo. Mafuta ya kupikia, oili ya injini na vaselini hulainisha ngozi yote kwa pamoja, pale inapotakiwa kubonyea na pale inapotakiwa kubeba, na kiti kinalegea kabla hakijakujua. Brooks wana mafuta yao, Proofide, yenye shahamu ya ng'ombe, mafuta ya samaki na nta ya nyuki. Paka kidogo juu na chini mwanzoni, acha usiku kucha, futa, kisha rudia mara chache tu kwa mwaka. Kama hayapatikani, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na shahamu ya ng'ombe inakaribia. Nta nzuri hutoka Tabora na haihitaji kuagizwa Ulaya. Kiwi ya viatu waachie viatu.

Nati ya pua usiiguse miezi ya mwanzo, hata vidole vikiwasha. Kiti kikianza kubonyea sana katikati, kaza robo mzunguko, panda siku kadhaa, ndipo uamue tena. Wanaokaza kila Jumapili huishia kupasua ngozi kwenye ribiti.

Wakati wa kufunga, pua ya B17 inyanyuliwe kidogo sana juu ya usawa, la sivyo utateleza mbele na viganja vitaanza kuuma. Kwa Flyer na B67 anza na usawa kamili: ukishakaa, springi zinashuka nyuma na pua inapanda yenyewe. Kumbuka pia kwamba kiti cha springi ni kirefu kwenda juu kwa sentimita kadhaa kuliko cha plastiki ulichokitoa, kwa hiyo teremsha bomba kabla hujalaumu magoti.

Na kama bomba lako linafunguka kwa mkono bila spana, badilisha uweke boliti siku hiyohiyo. Kiti cha bei hii huondoka chenyewe baiskeli ikabaki. Cheni chakavu iliyopitishwa ndani ya kipande cha tyubu, ikazungushwa kwenye reli na fremu kisha ikaunganishwa kwa pini yake, haikwaruzi rangi, na mwizi asiye na kifaa cha kutolea pini atatafuta baiskeli nyingine.